Ruhusa ya Kuchuma

Gari la Rombo likishaiacha Moshi mjini hupita Kiboriloni na Uchira, nchi ya mahindi na alizeti yenye vumbi jingi kuliko kivuli, mpaka Himo, ambako njia hugawanyika. Moja inanyoosha kwenda Holili na mpaka wa Kenya, nyingine inakata kushoto na kuanza kuupanda mlima. Ukifika Marangu Mtoni hewa imekwisha kubadilika na migomba imeshika pande zote mbili za barabara. Kisha inakuja Mamba, kisha Mwika, moja ya nchi za umangi wa zamani wa Vunjo pamoja na Kilema, Kirua na Marangu. Wageni wengi wa njia hii hutazama juu, kukitafuta kilele cha Kibo na mita zake 5,895. Mimi naipita nikitazama chini, kwenye kingo za barabara na chini ya mibuni, kwa sababu swali lililonileta ni la mimea midogo, tena asili ya swali lenyewe si huku mlimani. Ni swali la mchanga wa pwani: kwa nini mmea wa kuliwa ambao hakuna aliyeupanda unaendelea kuliwa mahali pamoja, na mahali pengine unasahaulika ungali unaota mlangoni?

Kwenye fukwe za mwambao wetu, bara na visiwani, kuna mmea unaotambaa juu ya mchanga pale maji ya bamvua yanapokomea. Majani yake ni manene na yamejaa maji, maua yake ni madogo, ya waridi iliyoelekea zambarau, na kila pingili inayogusa mchanga huota mizizi, ikaukamata mchanga usipeperuke. Wataalamu wa mimea wanauita Sesuvium portulacastrum. Pwani wapo wanaouita kwa jina la wazi kabisa, mboga ya pwani. Maisha yake yote ni kupambana na chumvi: unachoshindwa kukizuia kwenye mizizi unakifungia ndani ya majani, na ndiyo maana jani bichi ukilitafuna ni chumvi tupu. Mpishi anayeujua huuchemsha, akamwaga maji, akauchemsha tena, ndipo akauunga, kwa nazi kama nazi ipo. Wafilipino wao huufanya achari na kuuita dampalit. Kwenye mchanga huohuo hutambaa pia Launaea sarmentosa, ndugu wa mchunga, ule mchunga wa bara ambao uchungu wake wengine wanaukimbia na wengine wanaufuata. Hizi si mboga za adimu. Ni mboga zilizoko njiani kwa kila mwenye kwenda pwani kutafuta pweza, na bado wanaozila ni wachache kuliko wanaozikanyaga.

Maelezo ya kawaida ni kwamba mimea ya namna hii inadumu kwa ukakamavu wake: imezoea chumvi, jua na upepo, basi haihitaji mtu. Ukakamavu unaeleza kwa nini mmea unaota. Hauelezi kwa nini unaliwa. Ufukwe unaofagiliwa kila asubuhi ili mgeni wa hoteli aone mchanga mweupe hauna tofauti ya chumvi wala ya upepo na ufukwe wa kijiji ulio jirani yake, ila kwenye ule wa kwanza mtambaazi huu ni taka ya kung'olewa, na mwanamke aliyezoea kuinama pale akachuma atajikuta anaulizwa na mlinzi anatafuta nini. Ninachodai ni hiki: mboga ya porini inaishi kwa ruhusa. Inahitaji mahali ambapo mtu asiye na ardhi hiyo anaweza kuinama akachuma bila kuitwa mwizi, na inahitaji mtu anayejua cha kuifanya ikifika jikoni. Kimoja kikiondoka, mmea unabaki kuwa majani. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Lengo lilikuwa kulinda ukingo wenyewe, lakini palipoheshimiwa, ukanda huo wa mita 60 umelinda pia njia ya mchumaji. Waingereza wameliandika wazi zaidi: Sheria yao ya Wizi ya mwaka 1968 inasema kwamba mtu anayechuma uyoga, maua, matunda au majani ya mmea unaoota wenyewe kwenye ardhi ya mwingine hakuiba, isipokuwa amechuma ili auze. Bunge zima lilikaa likatenganisha kuchuma kwa chungu na kuchuma kwa soko, na nadhani hawakukosea.

Hapo ndipo Mwika inapoingia, kwa sababu ni kama ufukwe uliopinduliwa. Pwani kuna ardhi isiyo na mwenyewe. Mwika hakuna. Kuanzia usawa wa mita 1,000 na kitu hadi kukaribia msitu, mteremko wote ni vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga, kimoja kimeshikana na kingine, mipaka yake imepandwa masale. Kihamba kinarithiwa ndani ya ukoo, kwa desturi mtoto wa kwanza wa kiume na wa mwisho wakiwa na nafasi zao, na jirani hakatishi ovyo. Ndani yake mimea imepangana kwa ghorofa: juu miti mikubwa ya kivuli na mbao, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini kabisa magimbi, maharage na majani. Mtu angetegemea kwamba mahali palipolimwa kwa ukaribu namna hii, kizazi hadi kizazi, mmea usiopandwa usingepata hata pa kuweka mzizi. Andreas Hemp, Mjerumani aliyeitafiti mimea ya Kilimanjaro kwa miaka mingi, alihesabu kwenye vihamba vya Wachagga zaidi ya aina 500 za mimea, na zaidi ya 400 kati ya hizo hazikupandwa na mtu. Kwa maneno mengine, kihamba ambacho FAO ilikitambua mwaka 2011 huko Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia ni bustani ambayo sehemu kubwa ya aina zake zimejiotea.

Kati ya hizo, malkia ni mnafu. Ndege hula matunda yake meusi au ya machungwa, akaziangusha mbegu popote, nazo huamka pale penye samadi. Na samadi iko wapi Mwika kama si kwenye mashina ya migomba? Ng'ombe hufugwa zizini, majani huletwa kwake, samadi hutolewa ikawekwa kwenye mgomba, na mnafu unachipua juu yake kana kwamba uliagizwa. Wengine huotesha kwa makusudi siku hizi, lakini mwingi bado hautokani na mkono wa mpandaji. Unatokana na mkono wa mpaliliaji, yaani mwenye jembe anayefika kwenye mche mchanga, akautambua, akauruka. Huu ndio uamuzi unaofanywa mara nyingi zaidi katika kilimo cha Kilimanjaro na hauandikwi popote. Hufanywa zaidi na wanawake, ambao kwa desturi hawakirithi kihamba lakini ndio wanaokijua hadi jani. Mchicha wa porini nao huponea hivyohivyo, na hata mashona nguo, ule ambao mbegu zake zinang'ang'ania suruali, huchumwa ukiwa mchanga katika sehemu nyingi za nchi. Asili ya mashona nguo ni Amerika. Anayetaka kuniambia kwamba mboga ya porini lazima iwe ya kienyeji tangu enzi na enzi, aanze kwa kuutazama huo.

Jikoni napo pamepinduka. Mpishi wa pwani anahangaika kuiondoa chumvi. Wa mlimani, kwa vizazi vingi, alihangaika kuipata. Chumvi na magadi vilipandishwa kutoka nchi ya chini, vikabadilishwa sokoni na ndizi na ulezi, na masoko ya Uchagga yalikuwa mikononi mwa wanawake muda mrefu kabla mzungu hajaiona theluji ya Kibo mwaka 1848. Majani yaliyo magumu au machungu hulainishwa kwa magadi. Machungu mno humwagiwa maji ya kwanza. Maziwa hutuliza yaliyobaki. Hakuna hata moja kati ya maarifa hayo linalokuja na mmea wenyewe.

Sasa nichukue ushahidi ulio mgumu zaidi kwangu, ule wa msitu. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilitenga ukanda wa chini wa msitu wa Kilimanjaro, upana wa nusu maili, uwe wa wananchi wa pembezoni chini ya Baraza la Wachagga: kuni, majani ya mifugo, fito, dawa. Watu wanauita nusu maili hadi leo. Mwaka 2005 msitu wote wa hifadhi, pamoja na ukanda huo, uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na ndani ya hifadhi ya taifa kuchuma si haki ya jirani. Anayeingia anaingia kwa hisani ya wenye hifadhi. Mtu atanijibu kwamba mnafu hauoti msituni, unaota kihambani, hivyo nusu maili haiingii katika hoja hii. Ni kweli hauoti msituni. Lakini ng'ombe wa Mwika anakula kila siku, na pale majani ya msitu yanapokuwa mbali na mkono, yanatafutwa mashambani chini, yakabebwa kichwani kupanda mlima, na yasipotosha, kila kilicho kibichi kwenye kingo za mfongo, yaani mfereji wa maji, na mipaka ya kihamba kinageuka malisho. Mzigo wa majani Kilimanjaro una mwenyewe na una bei. Jani likishakuwa na bei kwa ng'ombe, anayeinama kuchuma mboga kwenye ukingo wa jirani anaonekana anachukua kitu. Ruhusa ya mboga inabanwa na kufungwa kwa msitu ambamo mboga hiyo haikuwahi kuota.

Wahifadhi nao wana hoja yao, na si ya kupuuzwa: uwanja wa wote huishia kuwa jangwa. Mfano wao mzuri uko kwetu, Nyanda za Juu Kusini. Viazi vya okidi za porini, vinavyopikwa kuwa chikanda, vilichimbwa na kuvushwa kwenda Zambia kwa wingi kiasi kwamba kuokoa maua hayo kukawa sababu moja ya kuanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, mwaka huohuo wa 2005. Nakubali mfano, ila nauomba utazamwe vizuri. Okidi iliangamia kwa mambo mawili yaliyokutana: kilicholiwa ni kiazi, maana yake kila mlo ni mmea mzima umekufa, na mnunuzi alikuwa mbali, hajui wala hajali kama mwaka ujao kutakuwa na kingine. Mboga ya majani haifi kwa kuchumwa. Mnafu ukikatwa kichwa unatoa matawi. Mtambaazi wa pwani ukikatwa unaendelea kutambaa, na kipande kilichoanguka mchangani kinaota. Waingereza waligundua tofauti hii pia, maana sheria yao ya mwaka 1981 ya wanyamapori inakataza kung'oa mmea wa porini bila idhini ya mwenye ardhi, huku ile ya 1968 ikiacha jani lichumwe. Kwa hiyo jibu langu kwa wahifadhi si kwamba kila kitu kiwe wazi. Ni kwamba hifadhi inayoliweka jani la mboga na kiazi cha okidi katika fungu moja la makosa haijaitazama mimea inayoilinda.

Hoja nyingine inatoka kwa watu ninaowaheshimu zaidi. Kituo cha Kimataifa cha Mboga kina ofisi yake ya kanda karibu na Arusha tangu mwaka 1992, na kazi iliyofanyika pale kwa mboga za asili haina mfano Afrika Mashariki: mbegu zimekusanywa, zimehifadhiwa, zimechaguliwa, na aina za mnafu kama Nduruma na Olevolosi zimetolewa kwa wakulima. Sasa wanasema: kama mboga ya porini ni nzuri, ipandeni. Iwekeni kwenye tuta, mtaacha kubahatisha. Soko la Mbuyuni mjini Moshi linawaunga mkono, kwa kuwa mafungu ya mnafu yaliyopangwa pale hayakuokotwa yote chini ya migomba, na mama lishe anayeupika hawezi kusubiri ndege adondoshe mbegu. Sina ugomvi na tuta. Lakini tuta linamfikia mwenye ardhi, maji na pesa ya mbegu. Mnafu unaojiotea unamfikia mjane anayeishi kwenye kona ya kihamba cha shemeji yake, msichana wa kazi, mzee ambaye mwanawe hajatuma kitu mwezi huu. Na kuna jambo ambalo mtaalamu wa mbegu analijua kuliko mimi: aina iliyochaguliwa imechaguliwa kutoka mahali. Ghala la mbegu linahifadhi kilichokuwapo siku ile ya kukusanya. Kihamba kinaendelea kuchagua kila palizi, kwa mvua za mwaka huu na wadudu wa mwaka huu. Tuta lisilo na pori nyuma yake linakula akiba.

Wanaoiita chakula cha njaa nitawajibu kwa ufupi, kwa sababu soko limekwisha kuwajibu. Mboga ileile ambayo kijana alionea aibu kuila kijijini anailipia mjini ikiwa imeandaliwa na ugali na samaki, na kule Ufaransa na Uingereza mimea ya mabwawa ya chumvi, jamaa wa maisha ya mboga yetu ya pwani, huletwa mezani kwenye mikahawa ya bei kubwa. Aibu haikuwa ya jani.

Ninayemwogopa zaidi ni anayesema mboga hizi ni hatari, kwa kuwa ana sehemu ya ukweli. Mnafu ni wa jamaa ya nyanya na viazi, na tunda lake likiwa bichi lina sumu. Anayejua huchuma majani machanga na huyachemsha. Hatari ya pili haitokani na mmea. Kahawa ya Kilimanjaro ilipigwa dawa za shaba kwa miongo mingi ili kuzuia chulebuni na kutu ya majani, na dawa inayonyunyizwa juu ya mbuni haisimami kwenye mbuni. Inadondokea kilicho chini yake. Hapo sitetei mila kwa macho yaliyofumbwa. Jani la chini ya mbuni uliopigwa dawa wiki hii halifai chunguni, na anayekula kutoka kwa jirani hana namna ya kujua jirani alipiga lini. Ila tazama hoja hii inaelekea wapi. Inaelekea kwenye aina za kahawa zinazostahimili magonjwa, kama zile za taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, pale Lyamungu, ambazo zinapunguza haja ya kupiga dawa. Haielekei kwenye kuifuta mboga. Huko mashamba ya chini, kwenye mahindi, dawa ya magugu inafanya kazi iliyo kinyume kabisa na ya mpaliliaji: haina jicho la kuuruka mche wa mchunga au mgagani. Inaokoa mgongo wa mkulima, na hilo si jambo dogo kwa mtu aliyelima kwa jembe maisha yake yote. Ni haki kumwambia, hata hivyo, kwamba pamoja na magugu amenunua kifo cha kitoweo chake cha mwanzo wa mvua.

Lakini kinachoniondoa Mwika nikiwa na wasiwasi si dawa, ni geti. Vihamba vimegawanywa kwa wana na wajukuu hadi vipande vingine havitoshi nyumba na migomba kwa pamoja, na wenye vipande hivyo wengi wako Dar es Salaam, Arusha au ng'ambo, wakirudi Desemba. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya Desemba ina ukuta, ua uliotandikwa matofali ya saruji, na kijana wa kuilinda ambaye kwao pengine si mlimani. Nyuma ya ukuta mnafu bado unaota, kwa sababu samadi ya babu haijaisha udongoni. Haupaliliwi wala hauchumwi. Unapita umri wa kuliwa, unazaa, unakauka. Kibotania hali yake ni njema kuliko wakati wowote. Mwenye kihamba angeweza kumaliza jambo hili kwa sentensi moja ya simu kwa mlinzi, kwamba mama jirani akija kuchuma mboga mfungulie. Halmashauri ya kijiji nayo, kwa mamlaka iliyo nayo ya kutunga sheria ndogo, inaweza kuandika kwamba jani la mboga lisilopandwa, kwenye ukingo wa mfongo na wa njia, ni la mchumaji, mradi asiling'oe na asilipeleke Mbuyuni. Kijiji cha pwani kinaweza kuiandika sheria hiyohiyo kwa mita zake 60 na kubadilisha neno moja tu, mfongo likawa ufukwe.